Maabara ya Toronto inayofichua majasusi wa simu

Simu mbili zilizochukuliwa na polisi nchini Kenya mwezi Mei mwaka 2025 zilirudishwa kwa wenyewe mwezi Julai zikiwa nzima. Ziliwaka, zilipiga na kupokea kama kawaida. Kilichokuwa kimebadilika ndani yake hakikuweza kuonekana kwa macho.

Wenye simu hizo walikuwa miongoni mwa waandaaji wanne wa filamu waliokamatwa mjini Nairobi tarehe 2 Mei. Walihusishwa na filamu ya BBC iitwayo Blood Parliament, inayochunguza mauaji ya waandamanaji waliopigwa risasi nje ya majengo ya bunge la Kenya mwezi Juni mwaka 2024. Wote wanne waliachiwa siku iliyofuata bila kufunguliwa mashtaka, lakini vifaa vyao vilibaki mikononi mwa polisi.

Mwezi Septemba, watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto nchini Canada walieleza walichokikuta. Walisema kuwa simu mbili zilikuwa zimewekwa FlexiSPY, programu inayouzwa hadharani katika intaneti, yenye uwezo wa kusoma ujumbe, kunasa mazungumzo na kuonyesha mahali mwenye simu alipo. Kwa mujibu wao, iliwekwa mnamo tarehe 21 Mei, siku ambayo simu hizo bado zilikuwa zikishikiliwa na polisi.

Mtu aliye umbali wa kilomita zipatazo 12,000 anawezaje kujua siku ambayo programu ya siri iliingizwa katika simu ya mtu mwingine? Jibu limo katika taaluma ya uchunguzi wa ushahidi wa kidijitali, na katika kazi ya miaka mingi ya kikundi kidogo cha watafiti wanaojulikana kwa jina la Citizen Lab.

Maabara bila darubini

Citizen Lab ilianzishwa mwaka 2001 na Profesa Ronald Deibert, ambaye si mtaalamu wa kompyuta bali wa sayansi ya siasa. Makao yake ni katika Munk School, taasisi ya masuala ya kimataifa ya Chuo Kikuu cha Toronto. Nia ya Deibert ilikuwa kuwakutanisha wanasheria, wanasiasa kwa taaluma, wajuzi wa lugha na wataalamu wa kompyuta, ili wachunguze nani anatumia nguvu katika mtandao wa intaneti, dhidi ya nani, na kwa njia gani.

Jina lake lilianza kuvuma mwezi Machi mwaka 2009. Watafiti wake, pamoja na wenzao, walifichua mtandao wa kijasusi walioupa jina la GhostNet. Uchunguzi ulianzia katika ofisi za kiongozi wa kiroho wa Tibet, Dalai Lama, na ukaishia kubaini kompyuta 1,295 katika nchi 103 zilizokuwa zimeingiliwa, zikiwemo za balozi na za wizara za mambo ya nje.

Tangu wakati huo maabara hiyo imeshika utaratibu ule ule. Huanza na mtu mmoja mwenye shaka, barua pepe moja au simu moja, kisha hufuata nyayo hadi kwa aliyetuma, na ikiwezekana hadi kwa kampuni iliyotengeneza chombo kilichotumika.

Mwanafunzi na barua pepe za Bahrain

Mmoja wa watu waliojenga utaratibu huo ni Bill Marczak, mtaalamu wa sayansi ya kompyuta aliyepata shahada yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na ambaye ni mtafiti mwandamizi wa Citizen Lab. Marczak aliwahi kusoma Bahrain akiwa kijana. Mwaka 2012, akiwa bado mwanafunzi, aliletewa barua pepe ambazo wanaharakati wa nchi hiyo walizitilia mashaka.

Barua hizo zilibeba viambatanisho vilivyofanana na picha na nyaraka za kawaida. Marczak na mtafiti mwenzake Morgan Marquis-Boire walivifungua katika kompyuta waliyoitenga kwa kazi hiyo, kisha wakapekua kilichokuwa kikipita katika kumbukumbu yake. Humo walikuta neno ambalo mtengenezaji alisahau kulifuta: FinSpy.

FinSpy ilikuwa programu ya ujasusi iliyouzwa kwa serikali na kampuni ya Gamma, yenye matawi Uingereza na Ujerumani. Ilikuwa ikitangazwa kama chombo cha kuwakamata wahalifu. Hapa ilionekana katika barua zilizotumwa kwa watetezi wa haki za binadamu.

Muda mfupi baadaye mtaalamu mwingine wa usalama wa kompyuta, Claudio Guarnieri, aligundua jambo la ajabu. Seva za FinSpy, yaani kompyuta zinazopokea siri zilizoibwa, zilipopigiwa hodi kwa namna isiyotarajiwa zilijibu kwa maneno ya Kijerumani: "Hallo Steffi". Salamu hiyo ndogo ikawa alama ya kuzitambua. Kilichobaki kilikuwa kupiga hodi katika anwani za intaneti duniani kote na kusubiri ni ipi itakayojibu hivyo.

Kampuni ilipobadilisha jibu hilo, watafiti walitafuta alama nyingine. Mwezi Machi mwaka 2013 Citizen Lab ilitangaza kuwa imeziona seva hizo katika nchi 25, ikiwemo Ethiopia. Huko, chambo kilichotumika kilikuwa picha za wanachama wa kundi la upinzani la Ginbot 7, na seva ilikuwa katika mtandao wa kampuni ya simu ya taifa, Ethio Telecom.

Programu hizi hufanya nini?

Simu ya mkononi ya leo ni zaidi ya simu. Ni shajara, albamu ya picha, pochi ya fedha, ramani na sanduku la barua, vyote katika mfuko mmoja. Anayeingia ndani yake hahitaji tena kumfuata mtu barabarani.

Kwa kawaida mazungumzo ya WhatsApp hufichwa kwa msimbo yanapokuwa njiani, hivi kwamba anayeyanasa katikati hupata takataka tupu. Programu ya ujasusi huepuka kikwazo hicho kwa kukaa ndani ya simu yenyewe. Husoma ujumbe kabla haujafungwa, au baada ya kufunguliwa. Ni sawa na mtu aliyejificha chini ya kitanda: kufuli la mlango, hata likiwa imara namna gani, halimzuii.

Kuna njia kuu tatu za kuingia. Ya kwanza ni kuishika simu yenyewe, kama inavyoelezwa katika kisa cha Nairobi. Ya pili ni kumshawishi mwenyewe abonyeze kiungo au afungue waraka. Ya tatu, ambayo ni ghali na ya kutisha zaidi, haimhitaji mwenye simu afanye lolote.

Njia hiyo ya tatu ilijulikana kwa umma mwaka 2019. Kampuni ya WhatsApp ilieleza kuwa watumiaji wake wapatao 1,400 walishambuliwa kupitia simu za video. Simu iliita, na hata isipopokelewa, programu iitwayo Pegasus iliweza kuingia. Citizen Lab iliisaidia WhatsApp kuwatambua walengwa, na ikasema zaidi ya 100 kati yao walikuwa watetezi wa haki za binadamu na waandishi wa habari katika nchi mbalimbali. Wanyarwanda wanaoishi uhamishoni walikuwa miongoni mwa walioarifiwa.

Pegasus hutengenezwa na NSO Group ya Israel, ambayo daima imesema kuwa huuza bidhaa zake kwa vyombo vya serikali pekee, kwa ajili ya kupambana na ugaidi na uhalifu mkubwa.

Alama zisizofutika

Mwizi hodari hufuta nyayo zake. Wataalamu wa Toronto hutegemea ukweli kwamba kufuta kila unyayo ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa.

Simu huweka kumbukumbu za kila inachofanya, hata zile ambazo mwenyewe hazioni kamwe. Huandika ni programu gani iliyotumia mtandao, kiasi gani cha data, na lini. Faili linapoumbwa, tarehe na saa huandikwa. Kumbukumbu hizo zimekusudiwa kuwasaidia mafundi, lakini huweza kuwa shahidi.

Mfano mzuri ulitolewa mwezi Septemba mwaka 2021. Watafiti wa Citizen Lab walikuwa wakichunguza simu ya mwanaharakati wa Saudi Arabia. Waligundua kuwa Pegasus hujaribu kujifuta katika orodha ya programu zilizotumia mtandao. Hata hivyo, orodha hiyo ina sehemu mbili zinazotegemeana. Pegasus ilifuta jina lake katika sehemu ya kwanza, ikasahau mistari ya sehemu ya pili iliyolitaja jina hilo.

Hali hiyo inafanana na karani anayerarua jina la mkopaji katika daftari la majina, lakini akaacha madeni yake katika daftari la hesabu. Deni lisilo na mwenyewe ni ushahidi kwamba kuna jina lililoondolewa. Simu ya kawaida haina kasoro kama hiyo, kwa hiyo kasoro yenyewe ikawa alama ya kumtambua mgeni.

Katika simu hiyo hiyo yalipatikana mafaili yaliyojifanya picha za kawaida, kumbe yalikuwa yamebeba silaha iliyotumia udhaifu ambao Apple yenyewe haikuujua. Citizen Lab iliikabidhi kampuni hiyo ushahidi, na tarehe 13 Septemba mwaka 2021 Apple ikatoa marekebisho kwa watumiaji wake wote duniani. Uchunguzi wa simu ya mtu mmoja uliziba tundu katika simu za mamilioni.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwezi Agosti mwaka 2016, Ahmed Mansoor, mtetezi wa haki za binadamu wa Umoja wa Falme za Kiarabu, alipokea ujumbe ulioahidi siri kuhusu mateso gerezani. Hakubonyeza kiungo chake. Aliupeleka kwa watafiti. Wao walikibonyeza kwa makusudi, wakitumia simu tupu waliyoiandaa, wakarekodi kila kilichoingia. Apple ilitoa marekebisho tarehe 25 Agosti, siku 15 baada ya ujumbe wa kwanza kumfikia Mansoor. Yeye mwenyewe alikamatwa mwezi Machi mwaka 2017 na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 10.

Kuuliza mtandao wenyewe

Uchunguzi wa simu moja moja hauwezi kueleza ukubwa wa tatizo. Kwa hiyo Marczak na wenzake walibuni njia ya kuuliza mtandao wa intaneti wenyewe.

Kila simu inapotaka kufika katika tovuti fulani, kwanza huuliza kompyuta ya kampuni ya mtandao iko wapi anwani ya tovuti hiyo. Kompyuta hiyo hulikumbuka jibu kwa muda mfupi, ili isiulizwe upya. Watafiti walikuwa na orodha ya majina 1,014 ya tovuti walizozihusisha na Pegasus. Waliziuliza kompyuta za kampuni za mtandao duniani kote iwapo zilikuwa zimekumbuka mojawapo ya majina hayo. Jibu la ndiyo lilimaanisha kuwa huenda kuna simu katika mtandao huo iliyoulizia anwani hiyo muda mfupi uliopita, yaani simu iliyoingiliwa.

Matokeo yalichapishwa mwezi Septemba mwaka 2018. Dalili za Pegasus zilionekana katika nchi 45, zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na Oman. Mmoja wa waendeshaji waliobainika alipewa na watafiti jina la GRANDLACS, yaani Maziwa Makuu, kwa kuwa shughuli zake zilionekana Kenya, Rwanda, Uganda na Afrika Kusini.

Watafiti wenyewe walitahadharisha kuwa dalili kuonekana katika nchi fulani si uthibitisho kwamba serikali ya nchi hiyo ndiyo mteja. Jasusi anaweza kumfuatilia mtu aliye nje ya mipaka yake. Aidha, simu inayopitisha mawasiliano yake katika nchi nyingine inaweza kuonekana iko mahali ambapo haipo. NSO Group ilipinga matokeo hayo, ikisema orodha ya nchi haikuwa sahihi.

Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2015, Citizen Lab iliitaja Idara ya Taifa ya Ujasusi ya Kenya miongoni mwa watumiaji waliodhaniwa wa FinFisher, familia ya programu ambamo FinSpy imo. Mwezi Oktoba mwaka huo huo, shirika la Privacy International la London lilichapisha ripoti kuhusu matumizi ya programu hizo nchini Uganda, baada ya maandamano ya mwaka 2011 ya kutembea kwa miguu kwenda kazini. Operesheni hiyo, kwa mujibu wa shirika hilo, ilipewa jina la Kiswahili: Fungua Macho.

Ughaibuni si kinga

Kwa Waafrika Mashariki waliohamia Ulaya na Marekani, kazi hii ina funzo chungu. Zamani mtu aliyevuka bahari aliamini kuwa amewaacha nyuma wale waliomfuatilia. Programu ya ujasusi haihitaji viza.

Tarehe 20 Desemba mwaka 2013, wafanyakazi wawili wa ESAT, kituo cha televisheni cha Waethiopia walio nje ya nchi, walishambuliwa mara tatu katika muda wa saa mbili. Mmoja alikuwa Ubelgiji, mwingine katika jimbo la Virginia, Marekani. Mafaili waliyotumiwa yalijifanya makala za habari. Citizen Lab ilifuata nyayo zake hadi kwenye programu ya kampuni ya Hacking Team ya Italia.

Hacking Team haikukubali wala kukanusha kuwa Ethiopia ni mteja wake. Mwezi Julai mwaka 2015 kampuni hiyo nayo ilivamiwa na wadukuzi, na barua pepe zake zikamwagwa hadharani. Humo ilionekana kuwa wakala wa usalama wa mitandao wa Ethiopia, INSA, alikuwa mteja kweli. Ushahidi uliokusanywa kutoka nje ukathibitishwa kutoka ndani.

Mtu mwingine, raia wa Marekani mzaliwa wa Ethiopia aliyejitambulisha mahakamani kwa jina la kubuni la Kidane, aliishtaki serikali ya Ethiopia baada ya FinSpy kugunduliwa katika kompyuta yake katika jimbo la Maryland. Alidai kuwa mazungumzo ya familia yake yalirekodiwa kwa miezi kadhaa. Mwezi Machi mwaka 2017 mahakama ya rufaa mjini Washington iliitupa kesi hiyo. Sababu haikuwa kukosekana kwa ushahidi. Mahakama ilisema sheria ya Marekani inailinda serikali ya kigeni iwapo kosa halikutendeka lote ndani ya Marekani, na hapa sehemu ya kosa ilipangwa na kuendeshwa kutoka nje.

Kisa kingine ni cha Carine Kanimba, binti wa Paul Rusesabagina, Mnyarwanda aliyejulikana kwa filamu ya Hotel Rwanda. Alipokuwa akipigania kuachiwa kwa baba yake, wataalamu wa Amnesty International walikuta alama za Pegasus katika simu yake mwaka 2021, na Citizen Lab nayo iliichunguza. Kanimba alitoa ushahidi mbele ya kamati ya ujasusi ya Baraza la Wawakilishi la Marekani tarehe 27 Julai mwaka 2022, sambamba na John Scott-Railton wa Citizen Lab. Rwanda imekanusha kutumia Pegasus.

Mwindaji anapowindwa

Kazi hii haikosi hatari. Mwaka 2017 Marczak alikuwa akichunguza barua pepe zilizotumwa kwa Jawar Mohammed, aliyekuwa wakati huo mkuu wa Oromia Media Network huko Marekani. Katikati ya uchunguzi, mtafiti mwenyewe alitumiwa barua iliyobeba programu ile ile.

Waliomlenga walikuwa na uzembe wao. Seva yao iliacha wazi daftari la kumbukumbu ambalo mtu yeyote mwenye intaneti angeweza kulisoma. Watafiti walilifuatilia kwa zaidi ya mwaka mmoja. Lilionyesha kompyuta za waendeshaji zikiwa Ethiopia na za walengwa katika nchi nyingine, ikiwemo Eritrea. Programu hiyo ilihusishwa na Cyberbit, kampuni ya Israel.

Jaribio la mwaka uliofuata halikuwa la kompyuta kabisa. Mwezi Desemba mwaka 2018 Bahr Abdul Razzak, mtafiti wa Citizen Lab na mkimbizi kutoka Syria, alialikwa katika hoteli moja ya kifahari mjini Toronto na mtu aliyejidai kuwa mwekezaji. Mazungumzo yalianza na biashara, yakahamia haraka kwenye kazi yake na maoni yake kuhusu Israel. Alishtuka na kuwaarifu wenzake.

Mwezi Januari mwaka 2019 mtu mwingine mwenye jina la uongo na kampuni isiyokuwepo alimwalika John Scott-Railton chakula cha mchana mjini New York. Safari hii mtafiti alikuwa amejiandaa. Alinasa mazungumzo hayo, na waandishi wa shirika la habari la AP walikuwa wamekaa meza za jirani. Walipomfuata mgeni huyo kumhoji, aliondoka kwa haraka. NSO Group ilikanusha kuhusika.

Nani wa kuwajibika?

Watetezi wa programu hizi wana hoja inayostahili kusikilizwa. Magaidi na watekaji nyara hutumia simu kama watu wengine, na mawasiliano yao hufichwa kwa msimbo ule ule unaomlinda raia mwema. Kenya imeshuhudia mashambulizi ya Westgate mwaka 2013 na Garissa mwaka 2015. Serikali isiyoweza kusikia lolote, wanasema, haiwezi kulinda watu wake.

Wala suala hili si la Afrika pekee. Mwaka 2022 polisi wa taifa wa Canada walikiri kuwa wamekuwa wakitumia programu zinazoingia ndani ya simu za washukiwa, kwa idhini ya mahakama. Mwezi Machi mwaka 2025 Citizen Lab iligeukia nyumbani kwake, ikasema imeona dalili za uhusiano kati ya kampuni ya Paragon ya Israel na polisi wa jimbo la Ontario, ambalo Toronto ni makao yake makuu.

Kwa hiyo swali ni nani anayetoa idhini, kwa sababu gani, na mlengwa aende wapi akionewa. Hapo ndipo njia zimeanza kufunguka polepole. Mwezi Novemba mwaka 2021 Marekani iliiweka NSO Group katika orodha ya kampuni zinazowekewa vikwazo vya biashara. Mwezi Desemba mwaka 2024 mahakama ya California iliamua kuwa NSO iliwajibika kwa mashambulizi dhidi ya WhatsApp. Mwezi Mei mwaka 2025 baraza la wazee wa mahakama liliitaka ilipe dola zipatazo milioni 168. Mwezi Oktoba jaji alipunguza kiasi hicho hadi dola milioni 4, lakini akaipiga marufuku kampuni hiyo kuwalenga watumiaji wa WhatsApp.

Afrika Mashariki nayo ina sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha ya mawasiliano. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania inatambua haki ya faragha tangu zamani. Lakini sheria hizi zina misamaha kwa ajili ya usalama wa taifa, na mlango huo ndio ambao programu za kijasusi hupitia. Bila ushahidi wa kitaalamu, mlalamikaji hubaki na shaka yake, na shaka haikubaliwi mahakamani.

Mtu wa kawaida afanye nini?

Watu wengi hawatalengwa kamwe na Pegasus, ambayo ni ghali mno kutumiwa ovyo. Hata hivyo, programu za bei nafuu kama FlexiSPY zinaweza kuwekwa na mtu yeyote mwenye fedha kidogo na nafasi ya kuishika simu: mume, mke, mwajiri au askari.

Ushauri wa wataalamu ni mwepesi kueleweka. Simu isasishwe kila toleo jipya linapotolewa, kwa sababu matoleo hayo ndiyo yanayoziba matundu yanayogunduliwa. Kiungo kutoka kwa mtu asiyejulikana kisibonyezwe, hata kikiahidi habari tamu au kutisha. Namba ya siri iwe ndefu, na isijulikane na mwingine. Kwa wenye iPhone walio katika hatari zaidi, Apple ilianzisha mwaka 2022 kinga iitwayo Lockdown Mode, inayofunga milango mingi ambayo majasusi huitumia.

Simu iliyokaa mikononi mwa mtu mwingine bila ridhaa ya mwenyewe haipaswi kuaminiwa tena. Lakini kosa ambalo wengi hufanya ni kuifuta yote mara moja. Kuifuta huondoa programu pengine, na huondoa ushahidi kwa hakika. Mwandishi wa habari au mwanaharakati mwenye shaka hushauriwa aache kuitumia na aifikishe kwanza kwa wataalamu. Shirika la Access Now, kwa mfano, lina kitengo cha kuwasaidia watu wa aina hiyo bila malipo. Vilevile, tahadhari kutoka Apple au WhatsApp inayosema kuwa mtu amelengwa isipuuzwe. Visa vingi vilivyofichuliwa vilianza na tahadhari kama hiyo.

Waandaaji wa filamu wa Nairobi wangeweza kuzipokea simu zao, kushukuru kuwa zimerudi, na kuendelea kuzitumia. Badala yake ziliingia katika uchunguzi, na tarehe moja, 21 Mei, ikatoka ndani yake. Tarehe hiyo sasa imewekwa mbele ya mahakama na mbele ya umma, na si jukumu la wenye simu kuieleza. Ni jukumu la waliokuwa wamezishika siku hiyo.